Tiba Mtandao Ijue Pa Kuishia

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wangu, madaktari wenzangu, wauguzi, wafamasia, na ninyi mnaopokea simu za wagonjwa kabla hazijatufikia sisi: nawashukuru kwa kunikaribisha.

Mmeniomba nizungumzie tiba mtandao katika kazi ya kliniki, jinsi tulivyoipokea wakati wa janga la korona na jinsi tunavyopaswa kuishi nayo sasa. Nianze na msimamo wangu ili mjue ninakoelekea. Kliniki ya simu au ya video haipimwi kwa ung'avu wa picha, wala kwa idadi ya wagonjwa waliohudumiwa kwa saa moja. Ipimwe kwa swali hili: yule mgonjwa ambaye hakufaa kutibiwa kwa simu alifikaje mikononi mwa mhudumu, na alichukua muda gani? Kituo kikinijibu vizuri hapo, sina haja ya kuuliza kilinunua programu gani.

Turudi nyuma kidogo, maana wapo wanaodhani tiba ya mbali ilizaliwa mwaka 2020. Mwaka 1879, miaka mitatu tu baada ya simu kupata hataza, jarida la kitabibu la Lancet lilikuwa tayari limeandika habari ya daktari aliyepigiwa simu usiku kwa ajili ya mtoto anayekohoa. Aliomba mtoto asogezwe kwenye simu, akakisikiliza kikohozi chenyewe, akaridhika kwamba si ule ugonjwa wa koo ambao familia ilikuwa ikiuogopa. Mwaka 1905 mwanasayansi Mholanzi Willem Einthoven alipitisha mawimbi ya umeme wa moyo kwa waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Na mwaka 1968 huko Boston, madaktari wa Massachusetts General Hospital walianza kuwahudumia kwa televisheni watu waliougua katika uwanja wa ndege wa Logan, huku wauguzi wakiwa upande wa mgonjwa. Wakumbukeni wauguzi hao, nitawarudia.

Kwa hiyo vifaa vilikuwepo. Kilichokuwa kimefungwa ni daftari la malipo na kitabu cha sheria. Medicare, ile bima ya serikali inayowahudumia hasa wazee wa Marekani, kwa kawaida ililipia mashauriano ya video pale tu mgonjwa alipokuwa wa vijijini, na hata hapo ilimtaka asafiri hadi kituo kilichoidhinishwa akaketi mbele ya kamera ya kituo. Kuwa nyumbani kwake hakukuhesabika. Machi 2020 masharti hayo yakalegezwa. Mashauriano ya mbali yaliyolipiwa na Medicare yalikuwa kama 840,000 mwaka 2019. Mwaka 2020 yakafika milioni 52.7. Australia ilifungua malipo ya simu na video katikati ya mwezi huohuo wa Machi. India ilitoa mwongozo wake wa tiba ya mbali tarehe 25 Machi 2020, na kabla ya hapo daktari aliyemwandikia mgonjwa dawa kwa simu hakuwa na uhakika kama sheria inamlinda. Ufaransa ilikuwa imetangulia kidogo, kwa kuwa ilianza kurejesha gharama za mashauriano ya video Septemba 2018.

Sheria zilifunguka kwa wiki chache. Ujuzi wa kumpima mtu usiyemgusa haukuja pamoja na matangazo ya serikali, na hapo ndipo penye deni letu. Aprili 2019, karibu mwaka mzima kabla ya janga, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepitisha mwongozo wa huduma za afya za kidijitali. Ndani yake lilipendekeza tiba ya mbali kati ya mgonjwa na mhudumu kwa sharti kwamba iongezee huduma ya ana kwa ana bila kuchukua nafasi yake, na kwamba usalama wa mgonjwa ufuatiliwe. Janga lilipofika, sharti hilo liliwekwa kabatini, na kwa sababu ya haki kabisa: kumwita mgonjwa kituoni kulikuwa kumwita kwenye maambukizi. Sababu hiyo haipo tena kwa ukubwa ule. Tarehe 5 Mei 2023 shirika hilohilo lilitangaza kwamba korona si tena dharura ya kimataifa. Sharti la 2019 linapaswa kutoka kabatini.

Niingie sasa kwenye kliniki yenyewe, kwa dalili moja iliyotutesa kuliko zote: kukosa pumzi.

Mtu anapiga simu anasema kifua kimembana, hapumui vizuri. Ukiwa naye chumbani unamhesabia pumzi, unaangalia mbavu zinavyovutwa, unaweka stetoskopu mgongoni. Kwenye simu una sikio tu. Mwanzoni mwa janga wengi walijaribu kumwambia mgonjwa ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja ili waone anafika wapi. Wataalamu wa Oxford waliuchunguza ushahidi wa kipimo hicho wakashauri kisitumike, kwa sababu kingeweza kumtuliza daktari pale ambapo hapakuwa na utulivu. Kilichobaki ni kusikiliza. Je, anamaliza sentensi? Anapumzika katikati ya maneno? Jana aliweza kupanda ngazi, na leo je? Swali hili la jana na leo lina thamani kuliko mengi tuliyofundishwa, kwa sababu mgonjwa hana kipimo cha "wastani" na "kali", lakini anajua vizuri kabisa kwamba jana alienda chooni mwenyewe na leo ameshikiliwa.

Kisha kikaja kifaa cha kubana kidoleni, kipima oksijeni. Kilisaidia sana, kwa kuwa korona ilikuwa na tabia ya kushusha oksijeni ya mtu huku yeye mwenyewe akiongea vizuri na kusema hajambo. Vituo vikagawa vifaa hivyo, wagonjwa wakawa wanasoma namba nyumbani na kuzitaja kwa simu. Lakini Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha ulinganisho wa namba za kidoleni na vipimo vya damu ya ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisema wana oksijeni ya kati ya asilimia 92 na 96, upungufu uliofichika ulikutwa kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya wagonjwa weupe. Zaidi ya mara tatu. Maana yake, kwa mwenye ngozi nyeusi kifaa hicho hukosea mara nyingi zaidi, na hukosea kuelekea upande wa kumwacha nyumbani.

Naomba tukae hapa kidogo, ndugu zangu, kwa sababu jambo hili linanikera hadi leo. Namba inayosomwa kwenye simu inaonekana ngumu kama jiwe. Daktari aliyechoka ataishika namba hiyo na kuliacha sikio lake. Mgonjwa anasema, "Nimezidiwa," namba inasema 94, na namba inashinda. Kwenye kliniki ya mbali mpangilio uwe kinyume: namba mbaya imlete mgonjwa hata kama anajisikia vizuri, na kauli ya mgonjwa imlete hata kama namba ni nzuri. Kila kimoja kiwe na uwezo wa kumwita, na kisiwepo chenye uwezo wa kukizuia kingine.

Ndiyo maana nasema mazungumzo ya simu yana utaratibu wake, na utaratibu huo unafundishika. Dakika ya kwanza si ya ugonjwa. Ni ya kuuliza: nazungumza na nani, naomba jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa? Uko wapi sasa hivi? Mwulize mahali alipo kwa namna ambayo gari la wagonjwa lingeweza kufika, kwa sababu akizimia katikati ya maongezi hutapata nafasi nyingine ya kuuliza. Simu ikikatika nikupigie namba gani? Kuna mtu mzima karibu nawe? Kisha swali ambalo wengi huliruka: unaweza kuongea kwa uhuru hapo ulipo? Liulize kwa namna ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Mwanamke anayepigwa nyumbani anaweza kusema "hapana" mbele ya anayempiga bila kugundulika. Hawezi kusema zaidi ya hapo. Ukisikia "hapana", badilisha mazungumzo, mpangie sababu ya kuja kituoni peke yake, kipimo cha damu au dawa ya kuchukua kwa mkono.

Mwisho wa simu nao una kazi yake. Kumwambia mgonjwa "ukizidiwa njoo" ni kumwachia mzigo asioujua uzito wake. Mtajie: ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, ukichanganyikiwa, homa ikirudi baada ya kupoa, usisubiri kesho wala usinipigie mimi kwanza, njoo, mlango fulani, sema nimekutuma. Kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake. Utashangaa mara ngapi mtu mwenye akili timamu aliyesema "sawa daktari, sawa daktari" anarudisha kitu tofauti kabisa na ulichosema. Na yote hayo yaandikwe kwenye faili siku hiyohiyo, pamoja na kwamba ilikuwa simu na kwamba hukumgusa, ili mwenzako wa zamu ya usiku ajue ulichokiona na usichoweza kukiona.

Sasa, nini kinafaa? Sitawapa orodha, kwa sababu orodha hugeuka sheria na sheria hugeuka kisingizio. Majibu ya vipimo, kurudia dawa za mtu mnayemfahamu, ufuatiliaji wa presha kwa mwenye mashine nyumbani, ushauri nasaha na sehemu kubwa ya afya ya akili, hayo yanakwenda vizuri. Kwenye afya ya akili nathubutu kusema wapo wagonjwa wanaofunguka zaidi wakiwa kwenye kiti chao wenyewe. Tumbo linalouma ghafla, uvimbe kwenye titi, mjamzito anayetokwa damu, mtoto mchanga mwenye homa: hao simu ni ya kuwaita tu. Katikati kuna eneo kubwa ambalo hakuna mwongozo utakaoliamulia, na hapo uzoefu wa aliyeshika simu ndio kila kitu. Kwa hiyo naona ni kosa la mpangilio kumweka kwenye simu mhudumu mchanga kuliko wote, eti kwa kuwa yuko "simu tu". Simu inahitaji mzoefu.

Niwarudie wale wauguzi wa Logan. Ukiangalia mahali ambapo tiba ya mbali imethibitika kwa miaka mingi, utakuta karibu kila mara kuna mikono ya mtaalamu upande wa mgonjwa. Chukueni kiharusi. Daktari wa mishipa ya fahamu aliye mbali anaweza kumwona mgonjwa kwa video, akamwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje kitu kilichopo kwenye picha, na akaamua kuhusu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Lakini anaweza hilo kwa sababu mgonjwa yuko hospitalini, kuna mashine ya kupiga picha ya kichwa, na kuna muuguzi anayemshika mkono, anayeona kwamba ule wa kulia hauna nguvu, na atakayechoma sindano. Kilichosafiri ni uamuzi. Mgonjwa hakuachwa peke yake na skrini.

Mfano wa pili ni Mradi wa ECHO, ulioanzishwa mwaka 2003 huko New Mexico, Marekani, na daktari wa ini Sanjeev Arora. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wakingoja miezi kumwona. Badala ya kuwaona wote kwa video, aliwaunganisha kwa video madaktari na wahudumu wa vituo vidogo, wakawa wanamletea kesi zao kila wiki na kujifunza kwa kesi hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliotibiwa na bingwa chuo kikuu walipona virusi kwa asilimia 57.5, na waliotibiwa na wahudumu wao vijijini na magerezani kwa asilimia 58.2. Hakuna tofauti. Hii kwangu ndiyo sura bora kabisa ya tiba mtandao, na inasikitisha kwamba bajeti nyingi huenda kwenye sura nyingine, ya mgonjwa mmoja na programu moja. Tukiwa na fedha ya kutumia, ianze kwa kumwunganisha muuguzi wa kituo kidogo na bingwa.

Kuhusu sauti dhidi ya video nitasema machache. Kwa hesabu za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, mwaka 2023 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti. Hao hawawezi kuja kwenye video yako. Australia, yenye mtandao wa kutosha, sehemu kubwa kabisa ya mashauriano ya mbali wakati wa janga ilikuwa simu ya kawaida. Tusiidharau sauti. Lakini pia tumkumbuke kiziwi, ambaye sauti haimfai, na asiyeona, ambaye vitufe vya programu vinamfungia nje. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na umoja huo walitoa viwango vya pamoja vya ufikikaji wa huduma hizi kwa wenye ulemavu: maandishi ya papo kwa papo, nafasi ya mkalimani wa lugha ya alama, programu inayosomeka kwa sauti. Mnaponunua mfumo, ulizeni hayo kabla ya kusaini.

Faragha nayo ina deni la wakati wa janga. Machi 2020 mamlaka za Marekani zilisema hazitawaadhibu watoa huduma waliotumia kwa nia njema programu za kawaida za video. Ulikuwa uamuzi wa busara wa dharura, na ulipewa mwisho: ulikoma Mei 2023, kukawa na miezi mitatu ya kujipanga. Wengi wetu tuliokuwa na ruhusa kama hizo, rasmi au za kimyakimya, hatujazifunga. Fungua simu ya mhudumu leo utakuta picha ya upele wa mgonjwa katikati ya picha za harusi na za watoto wake, na simu hiyo inajihifadhi yenyewe mtandaoni kila usiku. Mgonjwa alikubali picha ionwe na tabibu wake. Hakukubali ikae humo miaka. Picha iingie kwenye faili la mgonjwa siku hiyohiyo, na ifutwe kwenye simu na kwenye hifadhi yake ya mtandaoni.

Nifike kwenye tulipo sasa. Wapo waliorudi kliniki za zamani kana kwamba hakikutokea kitu, na mgonjwa anasafiri nusu siku kuambiwa kwamba kipimo chake kiko sawa. Hilo ni baya. Lakini wapo waliobaki na simu kwa kila kitu kwa sababu ni rahisi na nafuu kwa kituo, na hao wananitia hofu zaidi, kwa kuwa wanaonekana wameendelea. Australia ilichukua njia ninayoiunga mkono: kuanzia Julai 2020, ili bima ya umma ilipie mashauriano ya mbali ya daktari wa familia, kwa kawaida mgonjwa alitakiwa awe ameonwa ana kwa ana na daktari huyo au kituo chake ndani ya miezi 12 iliyopita, huku wasio na makazi na watoto wachanga wakisamehewa sharti hilo. Na mwongozo wa India unaweka mipaka ya dawa zipi ziandikwe kwenye mashauriano ya kwanza ya mbali, na unazikataza kabisa zile za kulevya. Nchi zote mbili zimeuacha mlango wa simu wazi, zikauunganisha kwa bawaba na mlango wa kituo.

Kuhusu malipo, ombi langu ni dogo na nitalirudia kwa yeyote mwenye kalamu ya bima. Mgonjwa aliyeanza kwa simu akaambiwa aje, asilipe mara mbili, na asianze foleni upya. Tukimtoza tena, atajifunza kuficha dalili kwenye simu ili asiitwe. Na daktari asipungukiwe kwa kumwita, wala asizawadiwe kwa kutomwita.

Kwa wakuu wa vituo, nawaomba mambo mawili mnayoweza kuanza bila kungoja wizara. Kila wiki chukueni majina ya waliopiga simu kisha wakaonekana kwenye chumba cha dharura ndani ya siku tatu. Someni kilichoandikwa kwenye faili, kaeni na aliyepokea simu, bila kutafuta wa kumlaumu. Mtaona haraka ni dalili zipi zinawapita. Na kila asubuhi tengeni nafasi za kuonwa siku hiyohiyo kwa ajili ya wanaopiga simu, zisijazwe na mtu mwingine hadi mchana. Ufunguo wa nafasi hizo awe nao mhudumu aliye kwenye simu. Akisema mgonjwa huyu aje, aje, bila kuomba ruhusa ya daktari aliye wodini. Mkishaziweka nafasi hizo, hapo ndipo mzungumze na wauzaji wa programu.

Asanteni sana. Nipo tayari kwa maswali.